Maandamano Hayaombewi Kibali

“Wakili, polisi wametunyima kibali. Sasa tufanye nini?” Nimeulizwa hivyo na wanafunzi wa chuo, na akina mama wa sokoni, na wazee waliotaka kupinga unyakuzi wa ardhi ya makaburi. Wiki hii ameniuliza mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayeijua Katiba vizuri. Basi nijibu mara moja, kwa maandishi. Hamkunyimwa kitu. Polisi wa Kenya hawana kibali cha maandamano cha kumpa wala kumnyima mtu.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kususia na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka mwandalizi jambo moja: ampe notisi mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu hadi kumi na nne kabla ya tarehe yenyewe. Notisi iwe na jina lake kamili, anwani yake, tarehe na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, pamoja na mahali au njia itakayopitwa. Jirani anayekuarifu kwamba Jumamosi ana harusi na magari yatajaa mtaani hakuombi ruhusa ya kumwoza binti yake. Anakuarifu ujipange. Notisi ni hivyo hivyo: polisi wajue, waelekeze magari, wawalinde wanaoandamana na wasioandamana.

Imani hii ya kibali ina historia, na ndiyo maana haifi. Sheria yenyewe ni ya mkoloni, ya mwaka 1950, na ilitungwa ili Mwafrika asikusanyike bila ridhaa ya serikali. Baada ya uhuru tuliirithi ilivyo. Mkutano wa hadhara uliendelea kuhitaji leseni, na kwa leseni hiyo Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wakidai vyama vingi, walizuiwa kufanya mkutano katika uwanja wa Kamukunji mwaka 1990. Wote wawili walitiwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, siku ya mkutano huo. Leseni iliondolewa mwaka 1997, katika mageuzi ya kabla ya uchaguzi, na notisi ikachukua nafasi yake. Kijana aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye watoto, na bado anakwenda kituoni kuomba kitu kilichofutwa alipokuwa mchanga.

Watu wakiniletea barua zao, natazama kichwa kwanza. “KUH: Ombi la Kibali cha Maandamano ya Amani.” Barua ya namna hiyo imeharibika kabla ya kufika mezani kwa mkuu wa kituo. Ukiomba, umemkubalia mwenzako kwamba anaweza kukataa, naye anakataa, na kesho msemaji wa polisi anatangaza kwamba maandamano ni haramu kwa kuwa “hayakuruhusiwa”. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, kuhusu miswada ya kuwaongezea polisi mamlaka. Lakini mamlaka haya ya kibali hayakuletwa na mswada wowote. Tunawapa wenyewe, barua moja baada ya nyingine.

Sheria inasema wazi ni lini mkuu wa kituo anaweza kukujibu kwamba siku hiyo haiwezekani: pale tu ambapo kuna notisi nyingine iliyotangulia, ya tarehe ile ile, saa ile ile na mahali pale pale. Hata hapo, lazima akujibu kwa maandishi, na wewe unachagua siku nyingine. Tena anatakiwa kuweka rejista ya notisi zote, na mtu yeyote ana haki ya kuikagua saa za kazi. Akikwambia uwanja umeshachukuliwa, mwombe rejista. Katika kazi yangu nimeona swali hilo moja likibadilisha mazungumzo ghafla.

“Sababu za kiusalama” zikitajwa kwa jumla jumla hazitoshi. Afisa wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kuzuia au kusimamisha mkutano ambao haukutolewa notisi, au penye hatari iliyo dhahiri ya kuvunjika kwa amani. Hofu ya kwamba huenda wahuni wakajipenyeza si hatari iliyo dhahiri. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya jiji la Nairobi wakidai hayana viongozi wa kuwajibika. Mahakama Kuu ilisitisha marufuku hiyo.

Sasa tazama mswada uliochapishwa 2025 na Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris. Unataka kuzuia mikusanyiko ndani ya mita 100 za Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Katiba inanipa haki ya kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma. Nitayawasilishaje kwa Bunge ambalo siruhusiwi kulikaribia? Taifa lililozoea kuomba kibali halitaona ubaya wa mswada kama huu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mbali na kibali, kuna imani nyingine potofu: wapo wanaoamini kwamba ukibeba bendera na kuimba wimbo wa taifa polisi hawawezi kukugusa. Si kweli. Beba ukitaka, lakini haiwi kinga.

Ya kufanya ni haya. Andikeni “Notisi”, neno “ombi” lisionekane popote. Pelekeni nakala mbili, watu wawili, mmoja ashuhudie. Ya kwenu igongwe muhuri na iandikwe saa. Wakikataa kuipokea, andikeni jina na nambari ya afisa, kisha itumeni kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Msiache kutoa notisi kwa hasira, kwa sababu kutoitoa kunawapa sababu ya kisheria. Wakipiga marufuku, nendeni Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22 mkaombe amri ya muda. Ukikamatwa, uliza kosa ni lipi, nyamaza, dai wakili. Wana saa 24 kukufikisha kortini, na zikiishia wikendi au sikukuu, ni siku ya kazi ya korti inayofuata. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande. Aliyeumizwa aende hospitali kwanza, atunze karatasi za matibabu, aandikishe ripoti kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ajaziwe fomu ya P3 ya uchunguzi wa majeraha, kisha apeleke malalamishi IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Video ihifadhiwe kwenye simu iliyoirekodi, kwa sababu nakala iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupoteza taarifa za mahali na wakati iliporekodiwa, na mahakamani nitaulizwa hizo kwanza.