Barakoa: si kila moja inazuia vijidudu vya hewani

Tangu Covid-19 ilipoingia RDC mwaka 2020, wakaaji wa Goma, Bukavu na Uvira wanazijua vizuri barakoa, ama cache-nez kama wengi wanavyoziita. Kuna za kitenge zilizoshonwa na mafundi wa mtaa, za buluu za hospitali, na zile nene zilizoandikwa FFP2 ama N95. Zote hufunika pua na mdomo, lakini hazichuji hewa sawasawa. Kwa mtu anayeuguza ndugu mwenye kifua kikuu, tofauti hiyo inagusa maisha yake mwenyewe.

RDC ni kati ya nchi 30 ambazo OMS inazihesabu kuwa na wagonjwa wengi zaidi wa kifua kikuu. Mgonjwa akikohoa, vijidudu hutoka ndani ya matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Matone hayo yanaweza kubaki hewani kwa saa nyingi, zaidi katika chumba kisichopitisha hewa.

Barakoa ya kitambaa husimamisha mate, lakini chembe ndogo hupenya kati ya nyuzi zake. Ile ya buluu huchuja vizuri kuliko kitambaa, ila hailali vizuri usoni: hewa hupita kwenye mashavu na kando ya pua. Inamfaa zaidi mgonjwa mwenyewe, ili asitawanye vijidudu.

Anayemhudumia anahitaji FFP2 ama N95. Katika vipimo, FFP2 hutakiwa kuzuia chembe ndogo kwa asilimia 94, na N95 kwa asilimia 95. Nguvu yake iko katika tabaka la ndani lenye chaji ya umeme, linalovuta chembe kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Ndiyo maana haifuliwi: sabuni ama alkoli huharibu chaji hiyo, na barakoa hubaki sura tu.

Hata iliyo bora haifai kitu ikivaliwa ovyo. Ndevu huacha nafasi. Baada ya kuivaa, ifunike kwa mikono na upumue kwa nguvu. Ukisikia hewa machoni ama mashavuni, kaza waya wa pua na uvute mikanda.

Pamoja na barakoa, madirisha yafunguliwe. Na anayekohoa kwa wiki 2 ama zaidi aende kupimwa kwenye kituo cha afya: dawa za kifua kikuu hutolewa bure.