Hadithi za Wachawi na Hadithi za Upelelezi Katika Nyumba Zetu



Hapo kale, jua likiisha kuchwa na chakula kikiisha kuliwa, bibi alisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!" Siku hizi bibi amepata wenzake, yaani vitabu, televisheni na simu. Walakini hadithi zenyewe hazikugeuka sana. Jioni moja watoto watazama habari za mchawi arukaye juu ya ungo, na jioni ya pili watazama habari za mpelelezi atafutaye mwuaji. Basi walimu na wazazi wengi wauliza: Je, mambo haya yafaa katika nyumba ya Wakristo? Wengine wamekwisha kuyakataza yote pamoja, na wengine wameyaacha yote yaingie kama mbuzi shambani. Sisi twaona kwamba yapasa kupepetwa. Mwanamke apepetaye mchele hamwagi wote kwa sababu ya pumba, wala hapiki pumba.

Kwanza tujue kwamba hadithi za namna hizi mbili zaanzia mahali pamoja. Mtu amekufa, au mtoto amepotea, na watu wauliza, "Nani amefanya neno hili?" Hapo ndipo njia zigawanyikapo. Hadithi ya mchawi hujibu upesi: ni yule kizee akaaye peke yake kando ya mji. Hadithi ya upelelezi husema: Ngojeni kwanza, tutazame. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ndani yake mna uhai wa mtu na mauti ya mtu.

Tutwae mfano wa mbali, kisha tuje kwetu. Katika nchi ya Ujerumani walikuwako ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliokusanya hadithi za watu wao na kuzitoa katika kitabu mwaka 1812. Mojawapo ni ile ya Hansel na Gretel, watoto wawili waliopotea mwituni wakaangukia katika nyumba ya mchawi. Mchawi huyo ni kikongwe, macho yake ni mekundu wala hayaoni mbali, na mwisho wake ni kusukumwa ndani ya tanuri ya moto. Hadithi hii imeenea ulimwenguni pote kwa vitabu na kwa picha za sinema, na watoto wengi hulala usingizi mwema baada ya kuisikia.

Sasa tuje kwetu. Katika nchi ya Usukuma, Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi alama iliyotajwa ni macho mekundu. Nani asiyejua asili ya wekundu huo? Mwanamke aliyepika miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi na kwa samadi ya ng'ombe, macho yake yatakuwa meupe kwa njia gani? Ni moshi ule uliowaivishia chakula hao hao wamshitakio. Na katika Kisii, Kenya, mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11 walichomwa moto kwa neno hilo la uchawi. Hata Oktoba 2021, huko huko Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa. Watu hawa hawakuwa wa hadithi. Walikuwa mama za watu.

Hatusemi kwamba kitabu cha Wajerumani kiliwaua watu wa Kisii, la. Twasema kwamba hadithi humfundisha msikilizaji mahali pa kuelekeza kidole. Mtoto akisikia mara mia kwamba uovu una sura ya kizee, siku ya msiba atamtafuta kizee. Tangu filamu ya Living in Bondage ya Nigeria ilipotolewa mwaka 1992, filamu za kafara, majini na utajiri wa siri zimefika nyumbani kwa wengi, na watengenezaji wa kwetu nao wametoa zao, kama Shumileta ya Tanzania ya mwaka 2005. Si zote zilizo mbaya, na nyingine zamwonya mtu juu ya tamaa ya mali. Lakini mzazi asikilize vema: mkosaji ajulikana kwa jambo gani? Kwa dalili zilizotafutwa, au kwa ndoto, kwa sura, kwa neno la mganga?

Wengine watasema kwamba hadithi za upelelezi ni mambo ya wageni, hazimhusu msomaji wa Maandiko. Tuwajibu kwa Maandiko. Katika habari za Danieli, sura ya 13 kwa Wakatoliki, nayo hupatikana katika vitabu vya Apokrifa kwa wengine, twasoma habari za Susana, mke wa Yoakimu, huko Babeli. Wazee wawili, nao ni waamuzi, walimtamani. Alipowakataa, wakamzulia ya kwamba wamemwona bustanini na kijana. Mkutano ukawasadiki kwa sababu ya uzee wao na cheo chao, na Susana akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti kuwazuia. Akawatenga wale mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake wale watu walikuwa chini ya mti wa namna gani. Mmoja akataja mti huu, na wa pili akataja mti mwingine kabisa. Njia ya mwongo ni fupi. Swali moja dogo likaokoa roho ya mwanamke.

Na sura ifuatayo yatupa hadithi nyingine. Watu wa Babeli walisadiki kwamba sanamu ya Beli yala chakula, kwa kuwa kila siku ilitengewa unga na kondoo 40 na divai, na asubuhi vyote vimekwisha. Danieli hakubishana sana. Alinyunyiza majivu sakafuni mwa hekalu, milango ikatiwa muhuri, na asubuhi nyayo za makuhani na wake zao na watoto wao zilionekana wazi, wakielekea mlango wa siri. Mwandishi Mwingereza Dorothy L. Sayers, alipokusanya hadithi za upelelezi katika kitabu chake cha mwaka 1928, aliziweka hadithi hizi mbili katika zile za kwanza kabisa. Basi mpelelezi si mgeni katika nyumba ya Mkristo.

Waliomfuata Danieli ni wengi. Arthur Conan Doyle alitoa habari za mbwa wa Baskerville katika gazeti la London, miaka ya 1901 na 1902. Watu wote wa bara lile walinong'ona kwamba ni mbwa wa kuzimu, mwenye kutoka moto kinywani, alipizaye laana ya ukoo. Sherlock Holmes akagundua kwamba ni mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ing'aayo gizani, na mwenye kumpaka ni jamaa aliyeutaka urithi. Wasomaji, tulitie moyoni neno hili la urithi. Hata kwetu, mjane akiitwa mchawi, mara nyingi liko shamba nyuma ya neno hilo. Mpelelezi mwema huuliza: Akifukuzwa huyu, nani atalima hapa mwakani?

Baadaye G. K. Chesterton alimtunga Padre Brown, mpelelezi aliye padre, mfupi wa kimo na mwenye mwavuli. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911, na tangu mwaka 2013 Shirika la Utangazaji la Uingereza limezionyesha habari zake katika televisheni. Katika hadithi ya kwanza Padre Brown akutana na mwizi aliyevaa mavazi ya upadre, naye amtambua kuwa si padre wa kweli kwa kuwa aidharau akili. Na kuidharau akili, asema, si elimu njema ya Mungu. Katika kitabu cha mwaka 1926 mambo ni haya haya: watu wenye elimu kubwa wakimbilia kusema ni laana, ni mzimu, na padre ndiye atafutaye mkono wa mwanadamu. Wengi hufikiri kwamba mtu wa dini ndiye asadikiye kila tetesi. Chesterton aligeuza jambo hili, akaonyesha kwamba mwenye kumwamini Mungu mmoja hana haja ya kuamini kila kivuli.

Na Kiswahili chetu hakikuachwa nyuma. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alimtunga Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Na Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968. Tazameni majina hayo! Mzimu, na tena Giningi, jina ambalo watu wa visiwani hulitaja kwa hofu kuwa makutano ya wachawi. Msomaji aingia akitazamia pepo, na Bwana Msa amwongoza polepole mpaka aone kwamba mwuaji ana miguu kama yeye, ana tamaa kama yeye. Walimu watafutao kitabu cha kusoma na vijana waanze hapo.

Labda mtu atasema: Sisi tu Wakristo, jambo kama la Kisii halitatupata. Asome habari za Salem, katika Massachusetts, Marekani. Watu wa Salem walikuwa wasomaji wa Biblia sana. Mwaka 1692 wasichana wakaanza kulia na kujipinda, wakataja majina ya jirani zao, na mahakama ikakubali ushahidi wa ajabu, ya kwamba kivuli cha mtu fulani kimemjia mwingine kumtesa. Nani awezaye kujitetea kwa kosa lililotendwa na kivuli chake? Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja alikandamizwa kwa mawe hata akafa. Mwaka uliofuata mahakama nyingine ikakataa ushahidi wa vivuli, na karibu wote waliobaki wakaachiliwa, wala hapana aliyenyongwa tena. Wachawi hawakuhama Salem. Ushahidi wa uwongo ndio uliofukuzwa, na mauaji yakakoma.

Leo katika mji huo imesimama sanamu ya shaba, iliyowekwa mwaka 2005, ya mwanamke aliyeigiza mchawi mcheshi katika mchezo wa televisheni uitwao Bewitched, wa miaka ya 1964 hata 1972. Huko mchawi amekuwa mchezo wa kuchekesha. Kwetu bado. Kwa hiyo filamu ile ile iwezayo kumchekesha mtoto wa Marekani yaweza kumwasha moyo kijana wa kijiji ambacho wiki iliyopita kilizika mtoto asiyejulikana ugonjwa wake. Mzazi asiseme, "Ni mchezo tu," asipojua mtazamaji ametoka matanga gani.

Yuko atakayeuliza: Je, mwasema hapana uovu, hapana uganga wa kudhuru? Hatusemi hivyo. Maandiko yamekataza uganga na ulozi, na Mkristo hana ruhusa kuvigusa. Wala hatuwacheki wenye hofu, maana hofu ya usiku ni kitu kizito. Lakini amri za Mungu zimekataza pia ushahidi wa uwongo juu ya jirani, na amri hii haikuwekewa mpaka kwamba isimhusu kikongwe. Wazee wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kwa habari za mvua na bei ya mahindi. Kwa roho ya mtu haifai.

Basi twashauri hivi. Kwanza, baba na mama wasiwaache watoto watazame peke yao, bali wakae nao, na hadithi ikifika katikati waulize: Nani ashitakiwa? Nani aliona? Alisimama wapi? Nani apata faida? Pili, walimu wawasomee watoto habari za Susana, kisha wafunge kitabu kabla ya swali la Danieli, waone kama darasa litalitafuta lenyewe. Tatu, hadithi za mauaji nazo zisizidi kiasi, kwa maana mtoto aonaye maiti tatu kila jioni aweza kusahau kwamba kila maiti ina mama. Na nne, msiba ukiingia kijijini, maswali yale yale yaulizwe kwa sauti mbele ya watu, na wa kwanza kuyauliza awe Mkristo, kama Danieli, kabla ya jiwe la kwanza na kiberiti cha kwanza. Mgonjwa apelekwe kwa tabibu, na mwenye neno juu ya jirani apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, akaseme huko alichokiona.

Tena liko jambo dogo ambalo hata watoto waweza kulitenda wiki hii. Katika kila mtaa yuko bibi mmoja mwenye macho mekundu. Wampelekee kuni kavu, na kaka zao wakubwa wamtobolee dirisha jikoni. Na akikubali, mmoja amsindikize hospitali macho yake yatazamwe. Watakaporudi wamwombe hadithi, maana kizee yule anazo nyingi, na huenda ni siku nyingi hakuna aliyemwitikia "Pakawa!"