"Huenda" Iliyopotea Njiani

Si ajabu siku hizi kumsikia mwanafunzi akitamka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhitimu, kwamba Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa rununu huleta saratani ya ubongo. Ukimuuliza ni lini, atakujibu kwamba ni mwaka wa 2011. Mwaka huo ni sahihi. Kitenzi ndicho kisicho sahihi.

Mnamo Mei 2011, wataalamu wa taasisi ya shirika hilo inayotafiti saratani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, waliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, katika kundi la 2B: vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Juu yake lipo kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea huisababisha. Humo nyama nyekundu iliingizwa mwaka wa 2015. Kileleni ni kundi la 1, la vitu visivyo na shaka, mathalani tumbaku. Ngazi hizi hupima uzito wa ushahidi, wala si ukubwa wa hatari. Lugha yetu haina upungufu hapa, kwani tunazo huenda, pengine, yamkini na yaelekea. Wanaotafsiri kwa pupa ndio huzitupa zote. Hasara yake si ya kisarufi tu: mzazi aliyejaa hofu huupinga mnara wa simu kijijini, ilhali mvutaji sigara ameketi na wanawe sebuleni.

Neno jingine linalotutatiza ni "mionzi". Kwa neno hilo moja twataja mwanga wa jua, eksirei, masalia ya bomu la nyuklia na mawimbi ya mnara. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu na hivyo kuziharibu jeni. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto kidogo. Ndiyo maana mimi hupendelea kuyaita mawimbi.

Haimaanishi kwamba ubongo hausikii lolote. Mwaka huo huo wa 2011, huko Marekani, Nora Volkow na wenzake waliwawekea watu 47 simu masikioni kwa dakika 50, wakaona matumizi ya sukari katika sehemu ya ubongo iliyo karibu na antena yakipanda kwa takriban asilimia 7. Hawakusema kuwa huo ni ugonjwa. Waliandika kwamba maana yake kiafya haijulikani. Utafiti wa Interphone wa mwaka wa 2010, uliofanywa katika nchi 13, haukuona ongezeko la jumla la uvimbe wa ubongo. Ongezeko lilijitokeza kwa waliozungumza kupindukia, lakini watafiti wenyewe walitilia shaka kumbukumbu za waliohojiwa.

Hatimaye, mwaka wa 2024, uchambuzi wa tafiti 63, ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe, haukupata uhusiano baina ya rununu na saratani ya ubongo. Huu sijamsikia mwanafunzi hata mmoja akiutaja.