Je, Wajua? Fagio la Chelewa Halisukumi, Linarusha

Kila chelewa ni uti wa jani dogo la mnazi au mchikichi: mnene shinani, mwembamba nchani, na nyuzi zake ngumu hupita kwa urefu. Ukifagia, ncha hupinda zinapokwaruza ardhi, kisha hujinyoosha ghafla na kurusha jani kavu au ganda la karanga mbele. Na kwa kuwa kila njiti hupinda kivyake, fagio hushuka hadi kwenye vishimo vya uwanja wa udongo. La plastiki, lenye nywele zilizokatwa sawasawa, hupita juu ya vishimo hivyo. Kwa uwanja usiosakafiwa, mimi sijaona zana inayolishinda.

Mnazi ni mti wa pwani, na Mkoa wa Katavi hauna bahari, lakini magharibi unapakana na Ziwa Tanganyika, na katika ukanda huo, tangu Kigoma hadi Karema, mchikichi ndio mnazi wa huko. Anayevuna chikichi hulazimika kukata makuti ili aufikie mkungu. Kuti moja la mti uliokomaa lina vijani zaidi ya 200, kwa hiyo mali ghafi ya fagio hupatikana katika kazi ya mawese yenyewe.

Utengenezaji ni kazi ya nyumba nzima, watoto wakiwemo. Kisu hutembezwa ubavuni mwa uti, upande huu kisha ule, mpaka ukijani wote utoke. Chelewa huanikwa kwanza, maana zikifungwa mbichi husinyaa na fundo hulegea. Kamba nzuri ni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli: huendelea kubana hata njiti zikipungua unene. Mwisho kitako hugongwa chini ili mashina yalingane.

Kwenye sakafu ya saruji chelewa huacha vumbi laini. Hapo linafaa fagio la nyasi. Au la mtama! Mwaka 1797 mkulima Levi Dickenson wa Hadley, Massachusetts, alifunga fagio kwa masuke ya aina ya mtama wenye matawi marefu, na kazi hiyo ikaja kuwa tasnia kubwa Marekani. Mtama wenyewe ulianza kulimwa Afrika.

Ukinunua fagio sokoni mjini Mpanda, Katavi, vuta njiti moja ya katikati. Ikichomoka, rudisha. Kisha pindisha ncha: zilizokaushwa kupita kiasi huvunjika, nzuri hurudi zenyewe.