Nyani si sokwe: Neno moja linavyotupotosha kuhusu asili yetu

JUMAPILI iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja mkulima alinisimamisha langoni mwa kanisa. Hakuzunguka mbuyu. “Profesa, ni kweli nyinyi wasomi mnawafunza watoto wetu ati tulizaliwa na nyani? Hawa hawa wanaonimalizia mahindi kila msimu ndio babu zangu?”

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Nilimjibu kwamba hakuna mwanasayansi anayesema hivyo. Akanitazama kama mtu aliyemkamata mwizi. “Lakini Profesa, kitabu cha mjukuu wangu kimeandika nyani. Nimekisoma mwenyewe.”

Hapo nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu miaka ishirini na kitu iliyopita, mimi mwenyewe nilitafsiri kijitabu cha sayansi cha watoto wa shule. Kila mahali mwandishi alipotumia neno “ape” la Kiingereza, mimi niliandika “nyani”. Alipotumia “monkey”, niliandika “nyani” vilevile. Hakuna mhariri aliyenikosoa, na sikujikosoa. Makala ya leo basi ni malipo ya deni hilo.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili si maskini wa majina ya wanyama hawa. Tuna nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega na hata komba anayelia usiku. Nyani ni yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea kwa kundi chini ardhini, na ana mkia. Sokwe ni mwingine kabisa. Hana mkia, mikono yake ni mirefu kuliko miguu, na ndiye anayeishi katika msitu wa Gombe kule Tanzania, ambako Jane Goodall alianza kumchunguza mwaka 1960. Gorila, orangutani na giboni wako upande wa sokwe, si upande wa nyani. Na kwa mujibu wa sayansi, binadamu naye yuko upande huo huo.

Tatizo ni kwamba neno “sokwe” tumelizoea kama jina la mnyama mmoja tu. Jamii yake nzima haikupewa jina lililokubalika na wote. Ndiposa watafsiri, mimi nikiwamo, tulipohitaji jina la jamii tuliliburura neno “nyani” na kulitwika mzigo usio wake. Kosa hili lingekuwa dogo lau lingebaki kwenye kamusi. Lakini limeingia darasani, mimbarini na kwenye vichwa vya habari, na sasa watu wanakataa hoja ambayo haijawahi kutolewa.

Je, tofauti hii ya nyani na sokwe ina uzito gani katika sayansi? Jibu liko kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa mawe. Tena jibu hilo limechimbwa hapa hapa kwetu.

Mnamo 1933, mtaalamu Mwingereza Arthur Tindell Hopwood alichunguza visukuku vilivyotoka Koru, si mbali na Kisumu. Aliona ni vya mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, akampa jina Proconsul. Siku hizo Consul lilikuwa jina maarufu la sokwe wa maonyesho kule Uingereza. Hopwood akaongeza kiambishi chenye maana ya “kabla ya”. Jina lenyewe, kwa hiyo, linasema “aliyemtangulia sokwe”. Nyani hatajwi popote.

Mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la mnyama wa aina hiyo katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Umri wake ni takriban miaka milioni 18. Umri huo haukubuniwa. Rusinga iko kando ya volkano ya kale ya Kisingiri, na majivu ya volkano ndiyo yaliyofunika mifupa ile na kuihifadhi. Ndani ya majivu hayo mna madini ya potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Mtaalamu akipima gesi iliyokusanyika, anapata umri wa mwamba.

Mnamo 2015, watafiti walitenga visukuku vya Rusinga na Mfangano na kuvipa jina jipya, Ekembo. Jina hilo limetoka katika Kisuba. Kwa msomaji wa safu hii, hilo si jambo dogo. Kisuba, lugha ambayo wazungumzaji wake wengi wamehamia Kijaluo, sasa kimo katika majarida ya sayansi ya ulimwengu mzima.

Sasa mtafiti anajuaje kwamba mfupa alionao ni wa jamii ya sokwe, wala si wa nyani? Ishara ni nyingi, ila nitataja mbili.

Ya kwanza ni mkia. Mifupa ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo inaonyesha kwamba mnyama wa Rusinga hakuwa na mkia. Alitembea juu ya matawi kwa miguu minne kama kima, lakini mkia hakuwa nao. Ya pili ni gego. Magego ya nyani, kima na mbega yana matuta mawili yaliyopita sambamba, mithili ya matuta ya shamba la viazi. Magego ya chini ya jamii ya sokwe yana vijilima vitano vilivyotenganishwa na mifereji. Magego ya binadamu hufuata mpango huo wa vijilima. Ukitaka ushahidi, pitisha ulimi kwenye gego lako la chini. Hutakuta matuta mawili ya nyani.

Kutokana na meno kama hayo, tunajua njia za jamii hizi mbili ziliachana lini. Mwaka 2013, watafiti walitangaza visukuku viwili kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Kimoja, Rukwapithecus, ni cha jamii ya sokwe. Cha pili, Nsungwepithecus, ni cha jamii ya nyani na kima. Vyote vina umri wa takriban miaka milioni 25. Maana yake ni kwamba wakati huo wa mbali, koo hizi mbili zilikuwa zimekwisha kutengana, kila moja na njia yake. Nyani anayemsumbua yule mama shambani hakuwa amekuwapo bado. Atakuwaje babu yetu?

Kuna jambo jingine linaloshangaza. Wengi hudhani kwamba hapo kale kulikuwa na nyani tupu, kisha sokwe wakachipuka kutoka kwao. Visukuku vya nchi yetu vinasema kinyume. Miaka milioni 18 hivi iliyopita, aina za jamii ya sokwe zilikuwa nyingi katika misitu ya huku, ilhali aina za jamii ya nyani na kima zilikuwa chache. Baadaye mambo yakageuka. Sokwe wakapungua, hawa wenye mikia wakatapakaa. Leo mnyama wa jamii ya nyani au kima yuko karibu kila kaunti. Sokwe wa mwituni hayupo Kenya.

Lakini aliwahi kuwapo. Mnamo 2005 yalitangazwa meno ya sokwe, wa ukoo wa hawa hawa wa leo, yaliyopatikana karibu na Ziwa Baringo, yenye umri wa takriban miaka nusu milioni. Hayo ndiyo yaliyokuwa masalia ya kwanza ya sokwe wa aina hii kutambuliwa kama visukuku popote duniani. Binadamu wa kale naye aliishi katika bonde hilo. Walikuwa majirani.

Turejee sasa kwa lugha. Mwaka 2014 huko Napudet, Turkana, mtafutaji visukuku Mkenya John Ekusi aliona fuvu dogo lenye ukubwa wa ndimu. Lilikuwa la mtoto wa jamii ya sokwe aliyekufa miaka milioni 13 iliyopita. Meno yake yaliyokuwa bado hayajachomoza yalionyesha kwamba alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Watafiti walimwita Nyanzapithecus alesi, kutokana na neno “ales” la Kiturkana lenye maana ya mhenga, yaani aliyetutangulia. Mnyama wa Milima ya Tugen aliyetangazwa mapema miaka ya 2000, mwenye umri wa takriban miaka milioni sita, anaitwa Orrorin, jina lenye asili katika usimulizi wa Watugen. Kisuba, Kiturkana na Kitugen vimetoa majina kwa uangalifu. Kiswahili, lugha ya taifa, bado kinawaita wote nyani!

Pendekezo langu ni hili. Tunapozungumzia kundi zima, tuseme “jamii ya sokwe”. Tunapozungumzia wa kale, tuseme “sokwe wa kale”. Neno “nyani” tumwachie mwenyewe. Aidha, tuseme “mageuko ya viumbe” badala ya “mageuzi”, kwani kwa Mkenya wa rika langu mageuzi ni siasa za vyama vingi.

Hata hivyo, tusitoke kosa moja tukaingia lingine. Kusema kwamba tulizaliwa na sokwe wa leo pia si kweli. Sokwe wa Gombe na binadamu wa Nairobi ni binamu. Hakuna mtu anayezaliwa na binamu yake. Mabinamu hushiriki babu, na babu huyo si mmoja wao. Babu wetu sisi na sokwe aliishi mamilioni ya miaka iliyopita, na hadi leo hakuna kisukuku ambacho watafiti wote wamekubaliana kwamba ndicho chake. Nyani ni jamaa wa mbali zaidi, wa upande ule uliokwisha kujitenga kabla ya siku za Rukwa.

Simlazimishi mtu kuyakubali haya. Yule mama ana imani yake, nami hukaa naye katika kanisa lilo hilo. Lakini akiyakataa, na ayakatae kama yanavyosemwa, wala si kama nilivyoyatafsiri vibaya. Jumapili ijayo nitambebea gazeti hili. Mjukuu wake naye nitamwomba anionyeshe kile kitabu. Ninahofia nitaikuta tafsiri yangu.