Kwa Nini Duka la Vitabu vya Katuni Halidumu Arusha

Mtu anayetoka Mnara wa Saa mjini Arusha kuelekea Soko Kuu hakosi gazeti la kununua. Meza za magazeti zimo njiani, na mbele yake wamesimama wasomaji wasionunua, wakipitia vichwa vya habari hadi mwenye meza akohoe. Lakini akiulizia duka la vitabu vya katuni vya Kiswahili, ataelekezwa kwenye duka la madaftari, na huko ataambiwa kuwa vilikuwapo zamani.

Jambo hili si dogo kama baadhi yetu katika uongozi tunavyolidhania. Sisi tuliokulia Visiwani tulifundishwa herufi za Kiarabu chuoni na za Kirumi skuli. Lakini kusoma kwa hiari, pasipo kuogopa bakora, tulifundishwa na gazeti la Sani. Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa walikuwa kama jamaa zetu. Nakala moja iliyovuka bahari kutoka Dar es Salaam ilizunguka mtaa mzima hata jalada likabanduka. Tuliificha ndani ya kitabu cha jiografia (kamwe si ndani ya juzuu, maana hapo hata mtundu wa mwisho alikuwa na hofu yake).

Kumbe tulikuwa tukiua biashara ile ile tuliyoipenda. Nakala isomwayo na watu ishirini imemlipa mchapaji mara moja tu.

Tangu mwanzo, katuni zetu ziliuzwa kama magazeti. Chakubanga wa Christian Gregory aliishi ndani ya gazeti la Uhuru. Na Sani, iliyoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ilipita mikononi mwa wauza magazeti. Mwenye meza halipi pango la duka, na nakala zisizouzika aghalabu huzirudisha kwa wakala. Mwenye duka hulipa pango, leseni na umeme, naye akinunua mzigo kwa fedha taslimu, kinachobaki ni chake kufa nacho. Hata Marekani, ambako maduka ya katuni tangu miaka ya 1970 yalikubali kununua kwa punguzo kubwa bila ya haki ya kurudisha, hali si shwari: msambazaji mkubwa, Diamond, aliomba kinga ya mahakama ya ufilisi Januari 2025, na maduka mengi madogo yakataharuki.

Lakini kwetu kuna sababu nzito zaidi. Duka la vitabu la Tanzania halikuwahi kuishi kwa riwaya, sembuse katuni. Liliishi kwa vitabu vya shule. Uchapishaji wake ulifunguliwa kwa wachapishaji binafsi katika miaka ya 1990, kisha katika muongo wa 2010 ukarudishwa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vikapelekwa shuleni moja kwa moja. Silaumu uamuzi huo. Mtoto wa Ngaramtoni au Tengeru kupata kitabu bila ya mama yake kuuza mkungu wa ziada wa ndizi ni haki. Hata hivyo faida ya Januari ndiyo iliyompa mwenye duka subira ya kuweka kitabu cha katuni rafuni miezi sita kikingoja mnunuzi. Ilipokwisha, rafu zikageuzwa za vocha na huduma za pesa za simu. Na siku hizi kibonzo cha asubuhi humfikia mtu kwa WhatsApp kabla hajavaa viatu.

Nasi wa Chama na Serikali tuna sehemu yetu. Vibonzo tunaviita mchezo wa watoto. Lakini tukitaka kufundisha habari za malaria, UKIMWI au upigaji kura, tunawakimbilia wachoraji wale wale, kisha kijitabu tunakigawa bure. Mchoraji amelipwa, na hilo ni jema. Mwenye duka amepata mshindani asiyemweza.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji soko kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni na maktabani. Hakuna kinachozuia utaratibu kama huo kwa katuni, ila sharti moja liongezwe: maktaba ya mkoa wa Arusha, na zile za Unguja na Pemba, zinunue kupitia duka la mahali hapo, hata kama ni nakala kumi kumi.

Julai 2022, katika mji huu huu, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Nilipopita safari hii nilimuuliza mwenye duka mmoja karibu na Soko Kuu kama amebakiwa na kitabu chochote cha katuni kwa lugha hiyo. Aliinama chini ya meza, akatoa viwili vyenye vumbi, akavipangusa kwa kiganja, akanipunguzia bei kabla sijauliza.