Mabula Aliyezaliwa Kiangazi

Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Kiseke, kata ya Wilaya ya Ilemela jijini Mwanza, usome majina ya mwisho tu: Mabula, Masanja, Shija, Magesa, Chacha, Otieno. Huku wamehamia watu wa Magu, Kwimba, Ukerewe, Mara na Kagera, na kila familia imekuja na jina lake. Fomu za serikali huliita jina la ukoo. Mara nyingi, hata hivyo, lilikuwa jina la mtu mmoja, na alipewa kwa sababu ya jambo lililotokea siku alipozaliwa.

Kwa Wasukuma, mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Mabula, na wa kike Kabula, kwa kuwa mvua ni mbula. Aliyezaliwa usiku akaitwa Bujiku. Mapacha ni Kulwa na Doto, wawe wavulana au wasichana, na anayewafuata ni Shija. Zunguka Ziwa Victoria uone. Wajaluo wa Rorya wana Opiyo na Odongo, kisha Okello. Ng'ambo ya pili, Waganda wana Wasswa na Kato, kisha Kizza. Kijaluo na Kisukuma havina undugu wowote, lakini pande zote za ziwa watu waliona kuwa mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha anastahili jina la peke yake.

Zamani majina hayo hayakufuatana kama leo. Mabula alimzaa Kulwa, Kulwa akamzaa Masanja, na hakuna aliyeuliza kwa nini hayalingani. Ukoo ulikuwa jambo jingine. Mtu alikuwa wa Babinza au wa ukoo mwingine, na hilo lilijulikana bila kubandikwa mbele ya kila jina.

Kilichobadili mambo ni kalamu. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na ubatizo ukaleta majina kama Yohana na Maria, yakakaa mwanzoni, na jina la nyumbani likasogea nyuma. Wajerumani wakaleta kodi ya kibanda, kisha Waingereza na madaftari yao. Karani alihitaji kumtofautisha Masanja huyu na yule, hivyo akaongeza "bin" na jina la baba, hata kama mhusika hakuwa Mwislamu.

Mfano mkubwa uko Butiama. Chifu wa Wazanaki, Nyerere Burito, inaelezwa kuwa alipewa jina la viwavi waliovamia mashamba wakati wa kuzaliwa kwake. Mwanawe aliyezaliwa 1922 aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na mwaka 1943 akabatizwa Julius. Jina alilopewa kwa ajili yake mwenyewe likabaki katikati. La baba ndilo lililorithiwa na watoto na wajukuu, na leo limeandikwa kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Kambarage nalo halikupotea: Shinyanga kuna uwanja wa mpira wenye jina hilo.

Nchi nyingine zina kanuni iliyo wazi. Uturuki ilimlazimu kila raia kuwa na jina la ukoo kwa sheria ya mwaka 1934. Iceland hadi leo wengi hutumia jina la baba, na majina ya mwisho ya baba na mwana hayalingani. Tanzania iko katikati, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Tuseme Kulwa Masanja Mabula amepata mtoto. Mama akiwa kliniki anamwandikisha Shija Kulwa Masanja. Shuleni mjomba anasema Shija Kulwa Mabula. Miaka ishirini baadaye kijana anaomba kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa hakikubaliani na cha shule. Herufi nazo huongeza mzigo: Doto na Dotto, Ng'wandu na Mwandu. Hata mji wenyewe Wajerumani waliuandika Muansa.

Basi wazazi wa Kiseke, na wa kwingineko, kubalianeni jina la tatu kabla mtoto hajasajiliwa, na liandikwe hivyo hivyo kila mahali. Na kama bado kuna babu au bibi nyumbani, muulizeni Mabula wa kwanza alikuwa nani, alizaliwa kijiji gani na mvua ile ilikuwa ya mwaka gani. Andikeni majibu kwenye daftari, tena mapema.